Saa 18 Kabla ya Kupanda Nairobi

Mkazi wa Nairobi anayepanga kwenda kuzamia Watamu, Diani au Kisite huanza na hoteli, akaja kwenye tiketi, kisha akaanza kuota kasa na pomboo. Mimi humshauri aanze na saa ya kurudi nyumbani. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa mtu aliyetoka majini punde, huo ni mlima.

Mzamiaji hupumua hewa ya mtungi, na kama asilimia 78 ya hewa hiyo ni nitrojeni, ambayo mwili hauna kazi nayo. Akiwa mita 20 chini, mgandamizo unaomzunguka huwa mara tatu ya ule wa ufukweni, na nitrojeni nyingi huyeyukia katika damu na misuli. Anapopanda taratibu huanza kuitoa kwa pumzi, lakini sehemu yake hubaki mwilini kwa saa nyingi. Akikimbilia mahali penye hewa nyepesi kabla haijaisha, nitrojeni hiyo hugeuka viputo. Hapo ndipo viungo huuma, mikono hufa ganzi, kichwa huzunguka; viputo vikifika uti wa mgongo, mtu anaweza kupooza.

Wazamiaji wengi wameonywa kuhusu ndege, basi wanakata tiketi ya treni na kujiona wajanja. Treni haiwaokoi. SGR hukufikisha Syokimau kwa saa tano au sita, na huko mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 83 tu ya ule wa Mombasa. Tahadhari za wataalamu huanzia mita 600. Ukishapita Voi, umo. Wakazi wa Kikuyu na Limuru wana kilima kingine cha kupanda baada ya Westlands, maana Limuru inapita mita 2,200. Hata kulala njiani Wundanyi, huko milimani, si kupumzika kwa maana hii.

Mwongozo wa DAN, mtandao wa kimataifa wa usalama wa wazamiaji, unataka angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa. Mbizi iliyolazimu kusimama kwa muda njiani wakati wa kupanda hudai zaidi ya hapo. Mwongozo uliandikwa kwa ajili ya ndege, lakini damu haijui kama umepanda kwa mabawa au kwa reli.

Kwa hiyo wikendi ya Mnairobi ina siku moja tu ya kuzamia. Fika Ijumaa usiku, zamia Jumamosi, na ukitoka majini saa saba mchana, saa 18 zitatimia Jumapili saa moja asubuhi. Ndege ya alasiri ya kwenda Wilson haina neno. Asubuhi hiyo ogelea juujuu kwa miwani na mrija, au tembelea magofu ya Gede. Anayetaka kuzamia Jumapili pia aombe ruhusa kazini ya Jumatatu.

Msimu nao una lake. Julai, baridi ya Nairobi inapowafukuza watu kwenda pwani, ndipo kusi inavuma na bahari kuchafuka. Tena mafua ya mjini huziba masikio, na mwenye mafua hazamii. Maji huwa maangavu zaidi wakati wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi. Tazama pia mwezi: siku za bamvua mkondo wa milango ya miamba huwa mkali, kwa hiyo anayeanza achague maji mafu.

Ukirudi, kisha viungo vikauma au ganzi ikakushika, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mtu aliyetoka pwani akiwa mchovu na mwenye maumivu hupimwa malaria, na apimwe. Lakini daktari hatakisia mbizi. Mwambie mwenyewe ulizamia lini, mara ngapi na mita ngapi, kisha uombe oksijeni.