Makovu ya Kubandika

Huenda simu yako ina programu ya kuzeesha picha. Unapiga picha safi, unabonyeza mara moja, na papo hapo pembe zinakuwa nyeusi, rangi zinapauka, doa la mwanga linatokea ubavuni. Marafiki wanaisifu.

Mwonekano huo unaiga kamera za plastiki za bei nafuu kama Holga, iliyotoka Hong Kong mwaka 1982. Lenzi yake ilitia giza pembeni, na boksi lake liliweza kuvujisha mwanga hadi kwenye filamu. Mpigaji hakuchagua kasoro. Aliikuta picha zikishasafishwa.

Kupamba picha si dhambi. Tatizo ni pale tunapofanya hivyo katika ushuhuda. Tunasimama kanisani na kuchagua udhaifu unaopendeza: “Wapendwa, niombeeni, huduma zimenizidi.” Deni, ulevi na ndoa iliyopoa tunaviacha nyumbani. Ndugu aliyeketi benchi moja nawe, mwenye jeraha kama lako, anaondoka akidhani yuko peke yake.

Kristo alipofufuka hakuficha alama za misumari. Katika Yohana 20 alimwonyesha Tomaso mikono na ubavu wake, na mwenye shaka akaamini. Yale hayakuwa makovu ya kubandika.

Juma hili mtafute mtu mmoja unayemwamini, mwenye kutunza siri. Mweleze jambo moja la kweli, bila pambo, kisha ombeni pamoja. Jumapili njema.