Sampu ya Tangi la Maji Chumvi: Pesa Yako Iende Wapi?

Anayeanza kufuga samaki wa baharini nyumbani kwa kawaida humalizia pesa kwenye tangi linaloonekana sebuleni. Sampu, yaani lile tangi la pili linalokaa kabatini chini na kubeba skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu), pampu na vichujio, huambulia kinachobaki. Kwa nyumba za Dar es Salaam au Mombasa, ambako umeme hukatika bila kubisha hodi, ningeanza bajeti na sampu.

Tuchukue tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, lita 300 likijazwa hadi ukingoni. Umeme ukikatika, pampu husimama lakini maji ya juu huendelea kuteremka mpaka yafike chini ya tundu la kutokea. Yakipungua sentimita 3 tu, lita 18 zimeshaingia kabatini. Na kama bomba la kurudishia maji limezamishwa sentimita 10, saifoni itavuta lita 60 kabla ya kuingiza hewa na kukatika.

Sasa pima sampu. Ya sentimita 60 kwa 30 kwa 30 hubeba lita 54. Ikifanya kazi kwa kina cha sentimita 20, nafasi iliyobaki ni lita 18, na bado hujahesabu maji yaliyomo mabombani. Ya 90 kwa 40 kwa 40, yenye maji ya kina cha sentimita 22, ina nafasi ya lita 65 hivi. Nyongeza ya bei ni vioo na silikoni tu. Nunua kubwa kadiri kabati linavyoruhusu. Valvu ya kuzuia maji yasirudi isikudanganye: chokaa na uchafu huigandisha, na siku unapoihitaji haifungi. Afadhali mdomo wa bomba ukae karibu na uso wa maji.

Boksi lenyewe lina njia tatu. La plastiki ndilo rahisi kuliko yote, ila kuta zake huvimba likijaa na silikoni haishiki vizuri kwenye plastiki hizo, kwa hiyo vizuio vya ndani vinavyoigawa sampu vyumba hung'oka. Akriliki ni nyepesi na hutobolewa kwa urahisi, lakini huchubuka upesi, na kuiunganisha kunataka gundi yake na mkono wenye uzoefu. Kioo cha milimita 6 kwa sampu ile kubwa kina uzito wa kilo 21 hivi, karibu mara mbili ya akriliki, na fundi vioo wa mtaani anaweza kukikata na kukiunganisha. Mimi nachagua kioo. Tangi kuukuu lisilovuja likiongezwa vizuio hupunguza gharama zaidi. Sisitiza silikoni isiyo na dawa ya ukungu. Ile ya bafuni huua viumbe.

Pesa unayookoa hapo ilipie kutoboa tangi la juu. Wengi hukwepa gharama hii kwa kununua kisanduku cha kuning'iniza ukingoni, kinachovusha maji kwa saifoni. Saifoni hiyo ikikatika umeme ulipozimika, ukirudi pampu itapandisha maji ambayo hayana njia ya kushuka, nayo yataishia sakafuni. Tangi lenye tundu halina hatari hiyo, na ukiweka bomba la pili la dharura, hata konokono akiziba la kwanza hupati mafuriko. Toboa kabla ya kujaza, na uhakikishe kioo si kile kilichoimarishwa kwa joto, kwani hicho hupasuka vipande vipande.

Pampu ndiyo itakayokula umeme kila siku. Ya wati 40 hutumia karibu uniti 29 kwa mwezi. Ya wati 20, uniti 14 na kidogo. Zidisha tofauti hiyo kwa bei ya uniti yako, kisha kwa miezi 12, ndipo ulinganishe bei za dukani. Kwa tangi hili, lita 900 hadi 1,500 kwa saa zinatosha, zikipimwa kwenye kimo ambacho maji yatapanda, kwa kuwa takwimu ya kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote.

Skima hutaka kina kisichobadilika, hivyo chumba chake kiwe na kizuio kirefu na upungufu wa maji uonekane kwenye chumba cha pampu pekee. Kinachopotea kwa joto ni maji tu, chumvi hubaki. Ongeza maji baridi yasiyo na chumvi. Viungio vya shaba usivitumie kabisa, ni sumu kwa kamba na matumbawe.

Kabla ya kutia chumvi au samaki, jaza mfumo wote maji ya kawaida, washa pampu, kisha zima umeme ukutani na usubiri maji yatulie. Washa tena, rudia mara kadhaa. Sakafu ikilowa, usinunue samaki bado.