Mtoto akikohoa kama mbwa abwekaye usiku: Mzazi afanye nini?

NI mwendo wa saa nane za usiku, mwezi Julai, katika kijiji kimojawapo cha Chinga au Mahiga, eneo la Othaya, Kaunti ya Nyeri. Ukungu umeteremka kutoka milima ya Nyandarua na kufunika mashamba ya majani chai. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ambaye alilala akiwa na mafua madogo tu, anazinduka ghafla. Anakohoa kwa sauti nzito inayofanana na kubweka kwa mbwa. Kila avutapo pumzi, koo lake linatoa mlio mkali unaosikika hadi chumba cha pili.

Katika nyumba nyingi, mama humwongezea mtoto blanketi naye baba huwasha jiko la makaa ili chumba kipate joto. Dirisha hufungwa kabisa. Wote wawili huamini kuwa hiyo ni nimonia iliyoletwa na baridi.

Huenda wamekosea. Hali hii huitwa krupu, na baadhi ya mambo yanayofanywa kwa nia njema katika dakika hizo za kwanza yanaweza kumdhuru mtoto kuliko ugonjwa wenyewe.

Krupu ni nini?

Krupu ni uvimbe wa zoloto, yaani kisanduku cha sauti, na sehemu ya juu ya bomba la hewa. Husababishwa na virusi, hasa vile vya parainfluenza, ingawa virusi vya homa ya mafua, vya surua na vinginevyo pia huweza kuuleta. Janga la Korona lilipofikia wimbi la Omicron, mwishoni mwa mwaka wa 2021 na mwanzoni mwa 2022, madaktari katika nchi kadhaa waliona watoto wengi wakipatwa na krupu kutokana na virusi hivyo.

Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitatu, na wavulana huugua mara nyingi kuliko wasichana. Baada ya umri wa miaka sita huwa nadra.

Sababu ya kuwapata wadogo ni umbo la koo lao. Chini tu ya nyuzi za sauti kuna pete ya gegedu ambayo haiwezi kupanuka. Uvimbe ukitokea hapo hauna pa kuelekea ila ndani, kwenye njia ya hewa. Chukua mfano wa mrija wenye upana wa milimita nne. Ukuta wake ukivimba kwa milimita moja tu kila upande, upana unabaki milimita mbili, na nafasi ya kupitisha hewa inakuwa robo ya ile ya awali. Uvimbe kama huo kwa mtu mzima humkausha sauti tu. Kwa mtoto mchanga ni suala la kupumua au kutopumua.

Kwa kawaida mtoto huanza kwa mafua na homa kidogo kwa siku moja au mbili. Kisha sauti hukauka na kikohozi cha kubweka huanza, aghalabu usiku. Wataalamu huihusisha hali hiyo na kupungua usiku kwa homoni ya mwili iitwayo kotiso, ambayo husaidia kutuliza uvimbe. Asubuhi mtoto huweza kuonekana mzima kabisa, akacheza na kula, halafu usiku unaofuata hali ikarudi. Krupu nyingi huwa si kali na hupoa zenyewe kwa siku tatu hadi tano.

Tulizana kwanza

Jambo la kwanza ni kumtuliza mtoto, na hilo ni tiba wala si faraja tupu. Mtoto anapolia huvuta hewa kwa nguvu na kwa kasi, na mvuto huo huifanya njia iliyokwisha kuwa nyembamba izidi kubana. Mtoto aliyekuwa akipumua kwa shida kidogo huweza kuzidiwa kwa sababu tu ya kilio na hofu.

Kwa hiyo, mzazi mpakate mwanao akiwa ameketi wima, kichwa juu, mgongo wake ukiegemea kifua chako. Zungumza naye kwa sauti ya chini. Watu wasimzunguke wakipiga mayowe, na taa isimulikwe machoni pake. Mwache achague mkao unaomfaa, wala usimlazimishe kulala chali. Kama ananyonya, mpe titi. Kama ameachishwa, mpe maji au uji mwepesi, kidogo kidogo. Iwapo ana homa, dawa ya parasetamoli kwa kipimo cha uzani wake inatosha.

Baridi ya Othaya si adui

Jambo la pili litawashangaza wengi. Hewa baridi ya usiku, ile ambayo wazazi wa nyanda za juu huwaficha watoto wao, inaweza kusaidia.

Mwaka wa 2023, madaktari wa Geneva nchini Uswisi walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha watoto 118 wenye krupu. Wote walipewa dawa. Nusu yao walikaa nje kwa dakika 30 katika hewa yenye baridi ya chini ya nyuzi 10, na nusu nyingine wakabaki ndani. Muda huo ulipokwisha, karibu nusu ya waliokaa nje walikuwa wamepata nafuu ya kutosha, ilhali waliobaki ndani walikuwa takriban robo. Inadhaniwa kuwa baridi hupunguza uvimbe wa koo, kama vile barafu ipunguzavyo uvimbe wa kifundo cha mguu kilichoteguka.

Usiku wa Julai katika vijiji vya Othaya hauko mbali na baridi hiyo. Mfunge mtoto shali, umfunike kichwa na miguu, uache uso wazi, kisha mwende barazani au mkae kando ya dirisha lililofunguliwa. Hata hivyo, nafuu hii ni ya muda. Haichukui nafasi ya dawa, wala haifai kumcheleweshea safari ya hospitali mtoto aliyezidiwa.

Jiko la makaa chumbani ni hatari kubwa. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini. Kila msimu wa baridi nchini husikika habari za familia zilizopatikana zimekufa karibu na jiko. Moshi nao huzidi kuliudhi koo lililokwisha kuvimba. Mwenye krupu alazwe mbali na jiko na mbali na sigara.

Mambo ya kuepuka

Kuna desturi nyingine zinazopaswa kuachwa. Ya kwanza ni kumfukiza mtoto kwa mvuke wa maji moto, pengine yenye majani ya mkalitusi, akiwa amefunikwa blanketi. Tafiti hazikuonyesha kwamba mvuke huponya krupu, lakini watoto wameungua vibaya kwa sufuria kupinduka.

Ya pili ni kuingiza kijiko au kidole kooni ili kuangalia kilichomo. Kitendo hicho huweza kuifanya njia ya hewa ijifunge kabisa. Ya tatu ni kukata kimio, desturi inayopatikana katika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki kwa madai kwamba ndicho kiletacho kikohozi. Kimio hakihusiki na krupu hata kidogo, na kukikata kumeleta kuvuja damu na maambukizi.

Aidha, viuavijasumu vilivyobaki kabatini havifai kwa sababu haviui virusi. Dawa za maji za kikohozi hazipunguzi uvimbe, na zile za kuleta usingizi ni hatari kwa mtoto anayepigania pumzi. Aspirini asipewe mtoto, wala asali asilambishwe aliye chini ya mwaka mmoja.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Kipimo rahisi ni hiki: msikilize mtoto akiwa ametulia. Mlio ukisikika anapolia au kukohoa tu, kisha ukatoweka anapotulia, kuna nafasi ya kumwangalia kwa makini hadi asubuhi na kumpeleka kliniki. Mlio ukisikika hata akiwa ametulia mapajani mwako, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaihesabu hiyo kuwa dalili ya hatari. Usisubiri kuche.

Dalili nyingine za kuondoka mara moja ni hizi: sehemu ya chini ya kifua kubonyea ndani kila anapovuta pumzi, kushindwa kunyonya au kunywa, kutokwa na udenda kwa kutoweza kumeza, kuzubaa au kulegea, na midomo, ulimi au ufizi kugeuka rangi ya kijivu au samawati. Mtoto aliye chini ya miezi sita apelekwe hata kama hali inaonekana ndogo.

Kuna dalili moja inayowahadaa wazazi. Mlio uliokuwa mkali ukififia huku mtoto akiwa amechoka na kusinzia, huenda si nafuu. Yaweza kuwa hewa inayopita sasa ni kidogo mno hata haitoi sauti.

Hospitalini, tiba kuu ni dawa iitwayo deksamethasoni, ambayo hupunguza uvimbe. Mara nyingi dozi moja ya kunywa hutosha, na huanza kufanya kazi kwa saa chache. Utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka wa 2004, ukihusisha watoto 720 wenye krupu isiyo kali, ulionyesha kuwa waliopewa dozi hiyo na wakalazimika kurudi kutibiwa walikuwa asilimia 7, ilhali miongoni mwa wasiopewa walikuwa asilimia 15. Aliyezidiwa huongezewa oksijeni na adrenalini ya kuvuta kwa mashine. Hizi si dawa za mzazi kujinunulia, kwa kuwa kipimo hutegemea uzani wa mtoto.

Magonjwa yanayofanana nayo

Si kila kikohozi cha usiku ni krupu. Kifaduro huleta mfululizo wa kukohoa unaoishia kwa mvuto mrefu wa pumzi au kutapika, na hudumu kwa majuma. Pumu hutoa mlio mwembamba mtoto anapotoa pumzi, ilhali krupu hulia anapoivuta ndani. Mtoto aliyekuwa mzima, akabanwa ghafla alipokuwa akila njugu au mahindi, huenda amepaliwa. Huyo ahudumiwe papo hapo na kukimbizwa hospitalini.

Dondakoo na uvimbe wa kidaka cha koo uletwao na bakteria huanza kwa kufanana na krupu, lakini huua upesi. Chanjo ya pentavalenti, iliyoanza kutolewa nchini Kenya mwaka wa 2001, hukinga dhidi ya bakteria wa magonjwa hayo mawili pamoja na kifaduro. Chanjo ya surua, katika miezi 9 na 18, nayo huzuia aina kali ya krupu. Krupu ya kawaida haina chanjo.

Panga safari mchana

Mji wa Othaya una Hospitali ya Mwai Kibaki, iliyopewa jina la rais wa tatu wa Kenya aliyekuwa mbunge wa eneo hilo, na mjini Nyeri kuna hospitali ya rufaa ya kaunti. Lakini kwa anayeishi mwisho wa barabara ya udongo, umbali saa nane za usiku haupimwi kwa kilomita. Hupimwa kwa nani ana gari na nani atapokea simu.

Hivyo, mtoto wako akikohoa kwa kubweka usiku mmoja, tumia mchana wake kujiandaa kwa usiku wa pili. Mpeleke akapimwe hata kama anaonekana mzima. Zungumza na jirani mwenye gari au mwendeshaji bodaboda unayemwamini. Weka tayari kijitabu cha kliniki, shali, na fedha za nauli. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini ajulishwe.

Usiku huo ukifika, zima jiko, fungua dirisha, mpakate mwanao na usikilize pumzi zake. Ukisikia mlio ilhali ametulia, ondoka.