Kikundi Chenu Nacho Kina la Kusema Kwenye Kongamano

Wana-vikundi, jambo hili mnalijua. Mgeni anakuja na daftari, anauliza maswali, anahesabu miti yenu, halafu anaenda zake. Baadaye mnasikia kazi hiyo ilisomwa kwenye kongamano mjini, na kikundi hakikutajwa hata mara moja. Je, lazima iwe hivyo? Hapana.

Tazameni mfano wa Kilifi. Kuna ndege mdogo wa jamii ya mnana, ambaye wataalamu humwita Ploceus golandi. Alitambuliwa mwaka 1913, na duniani kote hupatikana Kilifi tu. Kwa miaka mia moja wataalamu hawakujua anataga wapi. Mwezi Machi 2013 viota vyake vilionekana kwenye kinamasi cha msimu huko Dakatcha, na wanakikundi cha uhifadhi cha hapo hapo walikuwa miongoni mwa waliovigundua. Anayekaa mahali huona mengi.

Muhtasari ni nini?

Kongamano la uhifadhi wa bioanuwai, yaani wa aina zote za mimea, wanyama na wadudu, huanza kwa kuita mihtasari. Muhtasari ni maelezo mafupi ya utafiti, mara nyingi maneno 250 au 300 tu. Kamati huusoma na kuamua kama mtapewa nafasi ya kuzungumza, au ya kubandika bango ukutani na kulieleza kwa wapitao. Kwa kikundi kinachoanza, bango si haba.

Andikeni hivi

1. Swali. Mlitaka kujua nini? Kwa mfano: Je, miche ikiwekewa majani makavu shinani inastahimili kiangazi?

2. Mahali na namna. Wapi, lini, na mlifanyaje? "Tulipanda miche 600 kando ya chemchemi. 300 tuliiwekea majani, 300 hatukuiwekea. Tulihesabu kila mwezi."

3. Mlichoona. Hapa ndipo wengi huanguka. Wanaandika, "Miti ilifanya vizuri." Vizuri namna gani? Semeni: "Baada ya kiangazi ilibaki 231 yenye majani, na 126 isiyo na majani." (Hesabu hizi ni za mfano tu.) Kama mingine ililiwa na mbuzi, semeni pia. Ukweli hauharibu kazi.

4. Maana yake. Mwingine ajifunze nini?

Kichwa kiwe kifupi na kitaje mahali. Chini yake yaje majina ya waliofanya kazi, pamoja na jina la kikundi.

Basi mnaona kwamba bila daftari hakuna muhtasari. Karani aandike tarehe na hesabu siku ile ile, si mwisho wa mwaka kwa kukumbuka-kumbuka.

Kabla ya kutuma

Someni masharti: lugha gani, maneno mangapi, na siku ya mwisho. Mkikosa siku hiyo, mara nyingi mlango umefungwa. Kama kinatakiwa Kiingereza, mwombeni mwalimu awasaidie, kisha awasomee tena kwa Kiswahili mkiwa wote, mhakikishe hakubadilisha maana.

Msitaje mahali hasa penye kiota au mmea adimu. Wako wanaosoma ili waje kuiba.

Ulizeni mapema juu ya ada na nauli. Makongamano mengine huwapunguzia au kuwalipia watu wa vijijini, lakini ni lazima kuomba. Tena mjihadhari! Kuna makongamano ya uongo, ambayo hukubali kila muhtasari upesi na kudai pesa. Mweka hazina asitoe hata shilingi kabla hamjauliza chuo au ofisi mnayoiamini.

Na yule mgeni wa daftari? Anayefanya utafiti Kenya hutakiwa kuwa na kibali cha NACOSTI. Mwombeni awaonyeshe. Kisha mkubaliane kabla hajaanza: jina la kikundi litaandikwa wapi, na matokeo atayarudisha lini. Ni haki yenu kuuliza, wala si utovu wa adabu.

Ya kujadili kikundini

- Ni jambo gani tumelihesabu kwa mwaka mzima au zaidi?
- Daftari liko kwa nani, na je, linasomeka?
- Tukipata nafasi, nani atasimama kutusemea?