Shosho si mtoto: Kabla ya kumpangia shughuli, muulize

Ukitumwa kuchangamsha wazee wa mtaa wikendi, najua utakachobeba: spika, baluni na michezo ya chekechea. Watakupigia makofi kwa adabu, basi.

Cheki Korogocho, Nairobi. Huko kina shosho, wengine wamepita miaka 80, wamekuwa wakikutana kujifunza kujikinga dhidi ya wabakaji. Wanajua kulenga pua kwa ngumi, na wanajua kupiga nduru hadi majirani watoke. Ni mazoezi ya viungo, ni kicheko, halafu porojo. Hawahitaji kubembelezwa waje, kwa sababu hofu ile ni yao, wala si wazo la kijana fulani.

Kwa hivyo uliza kwanza. Huenda guka anataka ajua, tena ya kushindana kwelikweli, ama kuonyeshwa simu ili matapeli wasimalize pesa zake za M-Pesa. Panga saa nne asubuhi, karibu na choo, na viti viwe na mgongo (benchi ni adhabu). Daudi Kabaka achezwe, ila kwa sauti ya chini watu wapate kuongea. Asiyetaka kudensi mwache atazame. Usimvute mkono.