Gofu: saa 6,003 za kushusha handikapi, kisha mgongo ukakataa

Mwezi wa nne mwaka wa 2010, Dan McLaughlin, mpiga picha wa mji wa Portland, jimbo la Oregon huko Marekani, aliacha kazi iliyokuwa ikimlisha ili aanze kujifunza gofu. Alikuwa na miaka 30. Hakuwa amecheza hata duru moja kamili ya mashimo 18. Alichokuwa nacho ni akiba ya karibu dola 100,000 na wazo moja: afanye mazoezi ya saa 10,000, kisha aone kama mtu wa kawaida, asiye na kipaji kinachojulikana, anaweza kuingia kati ya wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour.

Kwetu, neno handikapi linafanya watu wengi wafikirie ulemavu. Hata Lubumbashi, ambako kuna mtaa mzima unaoitwa Golf, wanaojua maana yake katika mchezo huu si wengi. Ni namba inayoonyesha mchezaji asiye wa kulipwa anaweza kuzidisha mapigo mangapi juu ya yale yaliyopangwa kwa uwanja. Uwanja mwingi wa mashimo 18 umepangiwa mapigo 72. Mwenye handikapi ya 18, siku akicheza vizuri, anamaliza na mapigo kama 90. Mwenye sifuri anamaliza na 72. Ndiyo maana wachezaji wote wanahangaika kuishusha, hapana kuipandisha.

Namba hii inasaidia mtu dhaifu acheze na mtu hodari bila mchezo kuharibika: mmoja anapunguziwa mapigo, mwingine hapana, na wote wawili wana nafasi ya kushinda. Lakini haidanganyiki kwa urahisi. Tangu mwaka wa 2020 karibu dunia yote inatumia hesabu moja: katika duru 20 za mwisho zinachukuliwa 8 zilizo bora zaidi, ugumu wa kila uwanja unapimwa, kisha wastani unatolewa. Wakati wa McLaughlin, Marekani ilichukua duru 10 bora kati ya 20. Kwa njia zote mbili, duru moja ya bahati haitoshi. Ni lazima mtu airudie.

Wazo la saa 10,000 hakulitunga yeye. Mwaka wa 1993, mtaalamu wa saikolojia K. Anders Ericsson na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya wapiga fidla wa chuo cha muziki huko Berlin. Waliona kwamba wale bora zaidi, walipofikia miaka 20, walikuwa wamefanya mazoezi ya peke yao kwa wastani wa zaidi ya saa 10,000. Mwaka wa 2008, mwandishi Malcolm Gladwell aliitangaza namba hiyo katika kitabu chake Outliers, na watu wengi wakaichukua kama sheria. Ericsson mwenyewe alilalamika: ulikuwa wastani tu, hapana mlango unaofunguka wenyewe saa ya mwisho ikitimia. Hata hivyo alikubali kumpa McLaughlin mashauri, maana ni nadra kupata mtu mzima anayejitoa kupimwa hivyo, tangu siku ya kwanza.

Mpango ulikuwa saa kama 30 kwa juma, ili zote zitimie mwishoni mwa mwaka wa 2016. Na mwanzo wake ulikuwa wa ajabu. Mtu anayeanza gofu hupenda kushika fimbo kubwa na kuupiga mpira uende mbali, watu waangalie. Mwalimu wake alimweka karibu kabisa na shimo, na fimbo ile fupi ya kuusukuma mpira uingie ndani. Kwa miezi mingi alifanya hivyo tu. Hatua kwa hatua alirudi nyuma, akaongezewa fimbo ya pili, kisha ya tatu. Zaidi ya mwaka mmoja ulipita kabla hajashika ile kubwa ya kuanzia shimo, na mvua za majira ya baridi za Portland hazikumhurumia.

Njia hiyo ina maana yake. Katika duru ya mapigo 72, hesabu ya uwanja inaweka mapigo mawili ya mwisho kwa kila shimo, yaani 36, kwa fimbo hiyo fupi. Nusu ya mchezo mzima! Mchezaji wa Jumapili anayetaka kutoka 25 hadi 18 anapoteza saa nyingi akitafuta nguvu, na mapigo yake yanapotelea kwenye majani mafupi, mita moja au mbili kutoka kwenye shimo.

Namba ilishuka. Mwaka wa 2014 handikapi ya McLaughlin ilifika 2.6. Ni lazima kusimama hapa kidogo, maana wengi waliosimulia habari hii wanapita haraka. Mwanaume wa kawaida mwenye handikapi huko Marekani ana karibu 14, na kuna watu wanaocheza tangu utoto ambao hawajawahi kufika 10. Huyu alianza mtu mzima, bila kitu, na katika miaka minne akawapita karibu wote.

Lakini njia ya kushusha handikapi haiko sawa kuanzia juu hadi chini. Kutoka 30 hadi 20 inatosha kuacha makosa makubwa: mpira kuingia majini, kupiga ardhi, kupoteza mpira porini. Chini ya 5 hakuna tena makosa makubwa ya kuacha. Kila nusu ya pigo inanunuliwa kwa mazoezi ya miezi, na inaweza kupotea kwa juma moja. Tena, wale aliotaka kuwafuata wako chini ya sifuri. Mashindano ya kulipwa yanachukua siku 4. Mtu anayezidiwa mapigo 5 tu kwa siku anamaliza akiwa nyuma kwa mapigo 20.

Mwaka wa 2015 mgongo wake ulianza kuuma na haukupona vizuri. Kupiga mpira wa gofu ni kuuzungusha uti wa mgongo kwa nguvu, upande uleule, mara mamia kwa siku, na sehemu ya chini ya mgongo ndiyo inayoumia mara nyingi kwa wachezaji wa mchezo huu. Hata Tiger Woods alipasuliwa mgongo mara kadhaa kabla ya kushinda tena Masters mwaka wa 2019. Woods alikuwa na timu ya madaktari na utajiri. McLaughlin alikuwa na akiba iliyokuwa ikiisha. Alisimama akiwa amehesabu saa 6,003.

Je, zile saa 3,997 zilizobaki zingemfikisha? Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014 na Brooke Macnamara na wenzake, ambao ulikusanya kazi nyingi za watafiti wengine, ulionyesha kwamba katika michezo ya mwili mazoezi ya makusudi yanaeleza asilimia 18 tu ya tofauti kati ya watu. Yale mengine yanatoka kwingine: mwili, umri wa kuanza, na mambo ambayo bado yanabishaniwa. Ericsson hakukubali namna walivyohesabu, na mabishano yao yaliendelea hadi alipofariki mwaka wa 2020. Mtu mmoja wa Portland hawezi kuyamaliza, awe amefaulu au ameshindwa.

Kisha McLaughlin aliingia katika biashara ya kutengeneza soda, mjini mulemule Portland.