New Orleans: Mila Iliyobaki Wakati Kumbi Zimezama

Katika mji wa New Orleans, jimbo la Louisiana, maigizo hayakungoja pazia lifunguliwe. Tangu zamani yako mtaani, kwenye maandamano ya matarumbeta, mazishi na karamu za barabarani. Ndiyo maana kimbunga kilipoharibu kumbi za mji huo, watu wake walikuwa bado na jukwaa.

Kimbunga Katrina kilitua Agosti 29, 2005. Upepo ulileta madhara yake, lakini balaa kubwa lilitokana na kubomoka kwa kuta na matuta yaliyojengwa kuzuia maji. Asilimia 80 hivi ya mji ikafunikwa. Katika Lower Ninth Ward, mtaa wa watu Weusi ambao wengi waliishi katika nyumba za urithi, ukuta wa mfereji ulipasuka na maji yakang'oa nyumba kwenye misingi yake. Watu walitawanyika hadi Houston na Atlanta. Mwaka mmoja baadaye, wakazi wa mji walikuwa takriban nusu ya waliokuwapo kabla. Mahalia Jackson Theater, ukumbi mkubwa wa mji, haukufunguliwa tena hadi Januari 2009.

Ili kuelewa jinsi uigizaji ulivyorudi, yafaa kuanza na vyama. Tangu karne ya 19, watu Weusi wa New Orleans wamekuwa na vyama vya kufa na kuzikana: mwanachama hutoa mchango, akiugua husaidiwa matibabu, akifariki huzikwa kwa heshima. Warithi wa vyama hivyo leo huitwa Social Aid and Pleasure Clubs. Msimu wao wa maandamano huanza mwishoni mwa Agosti na kuendelea hadi karibu Juni, na Jumapili ya kila chama hujulikana. Wanachama hutoka wamevaa sare ya rangi moja kuanzia kofia hadi viatu, bendi ikiwafuata, na nyuma ya bendi anaungana yeyote apendaye, akicheza na mwavuli au akipunga leso. Mazishini bendi hupiga polepole kuelekea makaburini. Marehemu akishaagwa, muziki hubadilika na wafiwa hucheza. Anayesimama kibarazani kutazama huishia kushuka barabarani.

Januari 2006, nyumba nyingi zikiwa bado na ukungu ukutani, vyama vingi viliungana kufanya maandamano makubwa, na waliohamia miji ya mbali walirudi kwa ajili ya siku hiyo. Baada ya maandamano kulitokea ufyatuaji risasi, na ada ya ulinzi wa polisi ikapandishwa kiasi cha kutishia uhai wa vyama. Vikaenda mahakamani, na mwaka 2007 ada ikashushwa. Watu wasio na paa walishitaki ili waruhusiwe kucheza barabarani. Kwao hiyo haikuwa anasa. Ilikuwa njia ya kujuana nani amerudi na nani bado.

Mji huu pia ulikuwa na urithi wa uigizaji usiotegemea jengo. Mwaka 1963, vijana wa harakati za haki za kiraia, John O'Neal, Doris Derby na Gilbert Moses, walianzisha Free Southern Theater katika Tougaloo College, Mississippi, kisha kikundi kikahamia New Orleans. Walizunguka vijijini wakiigiza bure kwa wakulima ambao wengi wao hawakuwahi kuona tamthilia. Mojawapo ya tamthilia zao ilikuwa Waiting for Godot ya Samuel Beckett, inayohusu watu wawili wanaomngoja mtu asiyefika. Mwanaharakati Fannie Lou Hamer alipoitazama, aliwaambia wenzake kwamba kungoja hakufai. Anayetaka kitu ainuke akipiganie.

O'Neal alikiaga kikundi hicho mwaka 1985 kwa mazishi kamili ya matarumbeta, jeneza likiwepo. Lakini aliacha mbinu hai, mduara wa hadithi. Watu huketi duara, na kila mmoja hupewa muda ule ule. Hakuna kukatizana wala kubishia simulizi ya mwenzako. Asiye tayari huruka zamu, atarudiwa baadaye. Na sharti zito kuliko yote: usipange hadithi yako wakati mwenzako anasimulia, msikilize, ya kwako itakuja yenyewe. Kwa watu waliopoteza ndugu na nyumba, kusikilizwa namna hiyo ni tiba, na kutokana na simulizi hizo michezo huandikwa.

Novemba 2007 Godot alirudi. Msanii Paul Chan alitaka tamthilia hiyo ichezwe Lower Ninth Ward. Wenyeji walimweleza kwamba fedha peke yake hazitoshi, atoe na muda wake. Akahamia mjini, akafundisha bila malipo katika vyuo, akahudhuria mikutano ya majirani, na mfuko ukaanzishwa kusaidia mashirika ya ujenzi ya mtaani. Mchezo uliigizwa bure kwenye njia panda iliyozungukwa na nyasi na ngazi za vibaraza ambavyo nyumba zake zilisombwa, kisha katika mtaa wa Gentilly, mbele ya nyumba iliyoharibiwa na mafuriko. Watu waligawiwa gumbo, mchuzi mzito unaoliwa na wali, kisha bendi ikawaongoza hadi vitini. Wengi walikosa nafasi. Mwigizaji Wendell Pierce, aliyekulia mtaa wa Pontchartrain Park ambako nyumba ya wazazi wake ilizama, alicheza Vladimir, mmoja wa wale wawili wanaongoja. Mvulana alipotokea kusema kwamba Godot hatakuja leo, ila kesho bila shaka, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Walikuwa wamesikia maneno hayo kutoka kwa serikali na kampuni za bima kwa miaka miwili.

Sifa nyingi zilimwendea msanii mgeni, naye anastahili. Lakini chakula, bendi na mwendo wa kwenda vitini vilikuwa mila ya wenyeji, na ndivyo vilivyougeuza mchezo wa Beckett kuwa wao. Agosti 29, 2021, kimbunga Ida kilipoipiga Louisiana na kuuzimia mji mzima umeme, vyama vilikuwapo tena kuulizana hali. Mji unaotaka kujiandaa kwa kimbunga kijacho uimarishe matuta yake, na pia uache barabara wazi kwa watu wake siku ya Jumapili.